Swichi ya Kumi na Moja

Fundi makochi aliponiomba nimsindikize ukweni, nilimuuliza kwanza kama hana ndugu wa kumsemea. Alisema anao kaka wawili, ila mmoja akianza kuongea haachi, na mwingine akikalishwa kwenye kiti chenye mto husinzia.

"Wewe Daktari unajua kuongea na watu," alisema.

Nilimsahihisha. Kazi yangu ni kupima watu wanavyoongea, jambo lililo mbali sana na kujua kuongea nao. Alinijibu kwamba ukweni hawataijua tofauti.

Ninafundisha saikolojia ya jamii. Ni elimu inayochunguza mtu anavyobadilika akiwa na wenzake, au akidhani wenzake wanamtazama. Ni elimu changa. Mmoja wa waanzilishi wake aliona kwamba waendesha baiskeli hukimbia zaidi wakiwa na washindani kuliko wakiwa peke yao, akawakalisha watoto wazungushe vigurudumu vya nyuzi za kuvulia samaki ili ajue sababu. Mwingine, mhandisi wa mambo ya kilimo, aliwavutisha watu kamba, akagundua kwamba wavutaji wakiongezeka, kila mmoja hupunguza jasho lake. Hadi hapo hakuna aliyedanganywa sana. Baadaye wataalamu walitambua kwamba mtu akijua anapimwa nini, hujitahidi kuonekana mwema, na kipimo kinaharibika. Wakaanza kumficha. Na kumficha mtu kunahitaji waongo wanaotegemeka, ambao sisi kwa adabu tunawaita washirika wa siri.

Mshirika wetu wa siri alikuwa huyu fundi. Tulimpata kwa ajali. Alikuja idarani kubadilisha sponji za viti vya chumba cha semina, akajipiga nyundo kwenye kidole gumba, akapiga yowe. Chumba hicho kipo kwenye korido ya ofisi za walimu, na walimu wote wa korido hiyo tumefundisha, mwaka hadi mwaka, kwamba mashuhuda wakiwa wengi kila mmoja humwachia mwenzake kazi ya kusaidia. Hakuna mlango uliofunguliwa. Mimi nilidhani mwenzangu wa ofisi ya pili ameshatoka kwenda kumtazama. Mwenzangu alidhani hivyohivyo juu yangu. Fundi alijifunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha kochi, akaendelea na kazi.

Lakini lile yowe nilikuwa nimelisikia, na nilijua thamani yake. Lilianzia chini, likapanda, kisha likakatika mahali ambapo msikilizaji hutaka liendelee ili ajue limefikia wapi. Kesho yake nikampa ajira ya pili.

Alianza na mistari. Watu kadhaa wanakalishwa pamoja na kuulizwa ni mstari gani kati ya mitatu unaolingana na ule wa mfano. Jibu liko wazi hata kwa mtoto, ila wote isipokuwa mmoja ni washirika, na wote wanataja mstari usio sahihi. Kinachotazamwa ni kama yule mmoja atayaamini macho yake au majirani zake. Fundi alikuwa akiutaja mstari mfupi kwa utulivu wa mtu anayemkatia mteja kitambaa, na wageni wengi walimfuata angalau mara moja. Akapanda cheo, akawa anaanguka koridoni akiwa amebeba makaratasi, ili tuone nani atasimama na nani atamruka. Mwisho akafika kwenye umeme. Idarani tukampa jina la Mhanga, naye alilipokea kama mtu aliyepandishwa daraja.

Jaribio la umeme ni maarufu na lina sifa mbaya, na yote mawili ni haki yake. Mshiriki anaambiwa kwamba anasaidia uchunguzi wa kumbukumbu. Yeye na mtu mwingine wanaokota vijikaratasi ili kujua nani atakuwa mwalimu na nani mwanafunzi. Vijikaratasi vyote vimeandikwa "mwalimu", lakini yule mwingine, ambaye ni Mhanga, anasoma "mwanafunzi" bila kupepesa. Mwanafunzi anaketishwa nyuma ya ukuta na kufungwa nyaya. Kila akikosea neno, mwalimu anabonyeza swichi, na kila swichi ni kali kuliko iliyotangulia. Umeme haupo. Kumbukumbu haimhusu mtu yeyote. Tunachotaka kujua ni mtu atafika swichi ya ngapi kabla hajamwambia bwana aliyevaa koti la kijivu, "Mimi basi."

Kamati ya maadili ya chuo ilituruhusu kurudia nusu tu ya jaribio hilo. Kwenye swichi ya kumi Mhanga alipiga yowe, akasema moyo unamsumbua na anataka kutolewa. Bwana wa koti akasema, "Tafadhali endelea." Mkono wa mshiriki ukiigusa ya kumi na moja, taa ya mashine inazimika na jaribio linaishia hapo. Kisha mshiriki anapelekwa chumba cha pili kufunuliwa. Anaelezwa kila kitu, anaonyeshwa nyaya ambazo hazijaunganishwa popote, anashikana mikono na Mhanga aliye mzima kabisa. Kufunuliwa ndiko kunakotutofautisha na matapeli.

Wote walifunuliwa, isipokuwa mmoja. Huyo aligusa swichi ya kumi na moja, taa ikazimika, akauliza msalani ni wapi, na hakurudi. Simu yake ilizimwa siku hiyohiyo na haikuwashwa tena. Katika ripoti nilimwandika kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikuwahi kunipendeza.

Mchumba wa Fundi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Walikutana kazini. Aliingia kwenye karakana ya Fundi kukagua futi, ule utepe wa kupimia kitambaa, akaikuta imevutika kwa uzee kiasi kwamba kila mita aliyouza ilikuwa na ziada. Alimweleza kwamba kisheria hana kosa kubwa, ila kwa miaka yote hiyo amekuwa akijiibia mwenyewe. Fundi aliniambia hakuwahi kusemeshwa na mtu kwa ukweli namna ile. Tangu siku hiyo akawa hamalizi sentensi mbele yake.

"Anajua unafanya nini chuoni?" nilimuuliza tukiwa njiani.

"Anajua nasaidia utafiti. Hajui kwamba nasaidia kwa kulia."

"Mimi sitasema uongo."

"Usiseme uongo, Daktari. Wewe usiseme tu."

Alinieleza pia habari za mjomba mtu, aliyemlea Mkaguzi tangu akiwa mdogo na ambaye neno lake ndilo la mwisho. Mjomba ni mtahini wa madereva. Wachumba wawili walikuwa wameshakuja wakakataliwa, mmoja kwa kuegesha gari tairi moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, mwingine kwa kuingia getini bila kuwasha indiketa wakati barabara ilikuwa tupu. Fundi hana gari. Tulikwenda kwa miguu, na kwa upande huo nilihesabu kwamba tuko salama.

Sebule yao ilikuwa safi kama ofisi inayosubiri wakubwa. Ukutani kulikuwa na kalenda ya alama za barabarani. Makochi yalikuwa bado na nailoni ya dukani, japo mbao zake zilionyesha kwamba si mapya. Mke wa mjomba alitukaribisha, tukaketi. Fundi alikaa ukingoni, na mkono wake wa kulia ukateleza wenyewe chini ya kochi kupapasa fremu.

Mjomba akaingia akifuta miwani. Akaivaa. Akamwona Fundi, akasimama.

Nilimtambua kabla hajasema neno. Si kwa sura, maana sura za washiriki zimechanganyika kichwani mwangu. Nilimtambua kwa namna alivyoushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kama mtu anayeuzuia usiende mahali. Alikuwa ameushika hivyohivyo alipouliza msalani ni wapi.

"Shikamoo, mzee," alisema Fundi.

"Marahaba." Mjomba alimtazama kifuani. "Uko hai?"

Fundi alidhani ndiyo salamu ya nyumba hiyo. "Tuko hai, mzee. Tunashukuru."

"Na moyo? Moyo unaendeleaje?"

"Moyo mzima, mzee. Ndio ulionileta huku."

Jibu hilo lilimtoka vizuri mno, akanigeukia kuona kama nimelisikia. Ilikuwa wazi kwamba hamkumbuki mjomba hata kidogo. Kwake, kila mshiriki alikuwa mtu wa dakika mbili tu, na dakika hizo alizitumia kukariri maneno yake.

Nikakohoa, nikaanza hotuba niliyoiandaa. Nilisema tumekuja kwa heshima, nikasema kijana huyu ni fundi, nikawa naelekea kwenye tabia yake.

"Nimekubali," alisema mjomba.

Mkewe alimgeukia. "Umekubali nini? Mgeni hajamaliza hata kujitambulisha."

"Nimekubali alichokuja kusema."

"Na kama amekuja kuuza bima?"

"Hata bima."

Mkaguzi aliingia na sinia la chai akayasikia hayo ya mwisho. Hakuliweka. Alisimama nalo katikati ya sebule, mikono haitikisiki.

"Mjomba, hujamuuliza anafanya kazi gani."

"Kazi ni kazi, mwanangu."

"Hujamuuliza anakaa wapi."

"Si huyo hapo amekaa?"

"Yule wa mwaka juzi ulimhoji mpaka akaomba maji. Ulimuuliza umbali wa kusimama gari likiwa mwendo kasi kwenye barabara yenye maji. Huyu umemuuliza habari za moyo tu, basi."

"Moyo ni muhimu," alisema mjomba, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

Mkaguzi aliliweka sinia mezani. "Mizani ikisoma kilo kabla sijaweka mzigo, naifunga na kuipeleka ofisini. Mimi sitaolewa kwa jibu nisilolielewa. Mjomba aseme kwa nini amekubali. Asiposema, wageni wanywe chai, tuagane vizuri."

Fundi alinitazama. Katika kazi yetu, yowe linapomalizika ndipo uso wake hulegea. Sasa ulikuwa umekaza na hakukuwa na yowe lolote.

Hali yangu ilikuwa hivi. Nimeapa kutomtaja mshiriki wala alichofanya kwa mtu yeyote, na katika "mtu yeyote" mke wake na mpwa wake wamo. Vilevile, nilikuwa na deni la kumfunua mshiriki huyu, na deni hilo halikuwa limefutwa kwa sababu ya yeye kutoroka. Nikinyamaza, mjomba ataendelea kukubali kwa hofu na Mkaguzi ataendelea kukataa kukubali kwake. Nikimfunua, atajua kwamba mgeni wake alimdanganya. Nilizipima zote mbili. Kufunua ni wajibu, na posa si yangu.

"Mzee," nikasema, "nimesikia una gari zuri. Ningependa kuliona."

Mkewe alisema gari si zuri. Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni.

Gari lilikuwa uani. Akafungua mlango wa abiria akaingia, kwa mazoea ya kazi, kwa hiyo ikanibidi nikae kwenye usukani. Akafunga mkanda.

"Mkanda," alisema.

"Hatuendi popote, mzee."

"Mkanda. Na rekebisha kioo."

Nikafunga, nikarekebisha. Ndipo akashusha pumzi.

"Wewe ndiye uliyekuwa umekaa nyuma, ukiandika," alisema.

"Ndiye mimi."

"Nimemuua, au sikumuua?"

Nilimweleza kwa mpangilio uleule ambao tungeutumia chumba cha pili. Umeme haukuwapo. Nyaya hazikuunganishwa. Taa ilizimika kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Kimya cha nyuma ya ukuta kilikuwa cha mtu aliyemaliza kazi yake na kuanza kunywa soda. Kilichopimwa si kumbukumbu ya mwanafunzi bali utii wa mwalimu.

Mjomba aliegemea kichwa kwenye kiti. "Mwaka mzima nilisoma matangazo ya vifo. Kila asubuhi. Kila mwanamume wa umri wake nilisema, huyu ni wangu. Mtaa wa chuo sikuupita tena, nazungukia kwenye stendi ya mabasi. Na kazini siwezi kumwambia dereva 'endelea'. Neno halitoki. Nawapungia mkono. Wawili wamenigongea geti."

"Pole, mzee. Ulipaswa kuambiwa yote haya siku ileile."

"Miaka mitatu namwombea marehemu." Alianza kunyooka kitini. "Kumbe marehemu anashona makochi."

"Anashona vizuri."

"Kwa hiyo yule ni mwongo."

Niliitarajia, na bado haikunifurahisha. "Ni mshirika wa siri."

"Alinitazama usoni akaniambia karatasi yake imeandikwa mwanafunzi. Alilia kama ng'ombe. Mtu wa namna hiyo nimpe mtoto? Akiniambia anampenda, nitajuaje kama si swichi?" Akafungua mkanda, akakumbuka, akaufunga tena. "Nimefuta. Narudi ndani nawaambia wote, nimefuta."

"Mzee, wewe ulibonyeza kwa nini?"

"Mimi niliambiwa. Yule bwana ana koti, ana sauti ya ofisi, mashine ina nembo ya chuo. Kila nikisita anasema endelea. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Na yeye alilia kwa nini?"

"Kwa sababu ni mwongo."

Hili ni kosa lenye jina na vitabu vyake. Tukieleza tuliyofanya sisi, tunataja mazingira, yaani koti, sauti, nembo. Tukieleza aliyofanya mwenzetu, tunataja tabia yake. Nilimweleza hivyo, pengine kwa urefu kuliko ilivyohitajika ndani ya gari lililosimama.

"Naye aliambiwa, mzee. Aliyemwambia alie ni mimi."

"Basi wewe ndiye mwongo mkuu."

"Hilo ni sahihi."

Hakutegemea nikubali. Akatazama mbele kupitia kioo, kwenye kamba ya nguo.

"Hata hivyo nimefuta," alisema, ila kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Yeye anasema nini kuhusu mimi?"

"Hakukumbuki."

"Hanikumbuki?" Alinigeukia kabisa. "Mimi nimelala macho miaka mitatu, yeye hanikumbuki?"

"Mlikuwa wengi, mzee."

"Na waliofika ya kumi na moja?"

"Ni wengi kuliko waliokataa."

 Nilidhani jambo hilo litamfariji, kwa kuwa huwafariji washiriki wengi. Yeye alikuwa kama mtu aliyepeleka gari kwa fundi akiamini injini imekufa, akaambiwa ni plagi.

"Kwa hiyo mimi ni wa kawaida tu," alisema.

"Wa kawaida kabisa."

Tulirudi ndani yeye akiwa mbele, na mgongo wake ulionyesha wazi amekwenda kufuta. Nilikuwa nimetimiza wajibu wangu wa kitaaluma na kumharibia Fundi posa katika kikao kimoja.

Sebuleni mke wa mjomba alikuwa amemhoji Fundi kwa niaba ya mumewe, na hakupendezwa.

"Huyu kijana hajui kuongea," alisema kabla hatujaketi. "Nimemuuliza kwa nini anamtaka mtoto wetu, amesema kwa sababu ya futi. Futi gani? Nimemuuliza tena, amesema ilikuwa imevutika. Mimi simwelewi. Na wewe, baba watoto, sikuelewi mara mbili. Ulikubali kwa nini?"

Mjomba alifungua mdomo kusema amefuta.

Niliona mdomo ukibaki wazi. Ili aseme amefuta, ilimpasa aseme alikubali kwa nini, na kwa nini amebadilika baada ya dakika chache garini na mimi, mwanamke mgeni. Kila njia ya kutokea humo ilipita kwenye swichi ya kumi na moja, na hapo hakutaka kupita mbele ya mkewe na mtoto aliyemlea kwa sheria za barabarani.

"Nilikubali," alisema, akatazama chumbani kutafuta kitu, "kwa sababu amekuja kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Mtu wa miguu anajua barabara ni ya wote."

"Amekuja kwa miguu kwa sababu hana gari," alisema mkewe.

"Na hakuazima. Yule wa indiketa lile gari lilikuwa la kuazima." Hapo sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Halafu mtazame alivyokaa. Hajaegemea, hajatanua miguu."

"Amekaa ukingoni kwa sababu kochi lako limebonyea. Kila mtu anajua limebonyea."

"Sawasawa. Ni fundi makochi, ameona limebonyea, na hajasema."

Wote tulimtazama Fundi.

"Springi mbili zimekatika, mzee," alisema. "Na ubao wa nyuma. Sikutaka kuwa wa kwanza kusema."

"Umesikia? Mwingine angeanza kutukosoa toka mlangoni. Huyu ana staha. Na ana uvumilivu. Huyu hata akipata maumivu..." Mjomba akasita.

"Umejuaje?" aliuliza mkewe.

"Anaonekana."

Kuna jaribio la zamani ambalo ninalipenda kuliko yote, kwa sababu halina yowe. Vijana walipewa kazi ya kuchosha ya kugeuza vigingi kwenye ubao, wakavigeuza muda mrefu, kisha wakaombwa wamwambie anayefuata kwamba kazi ni tamu. Wengine walilipwa vizuri kwa uongo huo, wengine walilipwa kitu kidogo sana. Baadaye walipoulizwa kwa faragha, waliolipwa vizuri walisema kazi ilikuwa ya kuchosha. Waliolipwa kidogo walisema haikuwa mbaya, ilikuwa na utamu wake. Waliolipwa vizuri walikuwa na sababu ya kudanganya, kwa hiyo walijua wamedanganya. Wenzao hawakuwa na sababu ya kutosha, na akili haipendi kukaa na maneno iliyoyasema bila sababu, kwa hiyo ikayaamini. Mdomo hutangulia, kisha akili inapita nyuma ikipanga vyombo.

Nimelifundisha mara nyingi. Sikuwahi kukaa nalo sebuleni. Mkewe alipopinga, mjomba aliongeza. Alipoambiwa kijana hana kiwanja, alisema mwenye viwanja vingi hukaa mahakamani. Alipoambiwa hana maneno, alisema nyumba hii ina maneno ya kutosha. Alipofika kwenye vidole vya Fundi, ambavyo kweli vina makovu ya sindano na nyundo, alivisifu kwa dhati kabisa, akamwambia mkewe avitazame, akainuka mwenyewe kumwonyesha. Yule mtu wa garini aliyetaka kufuta sikumwona tena. Sikumwingilia. Kuna wakati mtafiti hupaswa kukaa nyuma.

Hapo Mkaguzi aliingilia.

"Mjomba," alisema. "Haya unayoyasema ni kweli, au unatafuta pa kutokea?"

Mjomba alivua miwani. Kwa mara ya kwanza mchana ule mikono yake iliachana.

"Nilipoanza kusema sikuwa na hakika," alisema. "Sasa ninayo. Kijana namtaka."

Mkaguzi alimtazama kwa muda ambao, ningekuwa na saa ya maabara, ningeupima. Kisha akamgeukia Fundi.

"Na chuoni unafanya nini hasa?"

Mjomba alirudisha miwani haraka. Fundi alinitazama, nami nikatazama chai, maana nilishamwahidi kutosema na nilishamwahidi kutodanganya.

"Nalia," alisema Fundi.

"Unalia."

"Nalia, naanguka, na nasema mstari mfupi ni mrefu. Daktari ndiye anayeniambia ni lini. Ni kwa ajili ya... wanataka kuona watu wata... Siyo kwamba..."

"Si nilisema?" alinong'ona mke wa mjomba.

"Mimi umewahi kunililia?" aliuliza Mkaguzi.

"Bado."

"Umewahi kuniangukia?"

"Siku ile ulipokuja karakana nilijikwaa kwenye sponji. Lakini ile ilikuwa kweli. Ile hakuna aliyeni... hata Daktari hakuwepo."

Mkaguzi alinigeukia mimi, na aliniuliza kama anavyowauliza wenye maduka. "Akiwa kazini kwako, hubabaika namna hii?"

Hili lilikuwa swali la data, na halikumgusa mshiriki yeyote. "Hapana," nikasema. "Katika vikao vyote alivyonifanyia hajawahi kukosea hata neno moja. Huanza sentensi akaimaliza, kwa pumzi zake zote."

"Kwangu hajawahi kumaliza sentensi."

"Hapo sina takwimu," nilisema.

"Ninazo mimi." Akavuta sinia, akamimina chai kikombe cha kwanza, akampa Fundi, kabla ya mjomba na kabla yangu mimi mgeni. Mke wa mjomba aliona kikombe kilikokwenda, akashusha mabega, akasema kama ni hivyo basi itolewe hii nailoni ya kochi, mkwe ataitoboa kwa kupapasapapasa.

Tulipoaga, mjomba alitusindikiza hadi getini, na mkewe akafuata nyuma akiendelea na yake. Alisema kijana ni mwembamba. Mjomba akasema wembamba hauzibi njia. Alisema kulia mbele za watu si kazi ya mwanamume. Mjomba akasema ni kazi ngumu, na kuna watu inawakosesha usingizi, wala haifanywi na mtu mvivu.

"Na kitu kingine," aliniambia mimi, akiwa ameshika komeo la geti, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nabisha. "Umri wote huo hajawahi kugonga gari la mtu."

"Hana gari," alisema mkewe.

"Ndiyo ninachosema."